Bunduki iliyookotwa haitengenezwi, inaondolewa nyumbani

IBANDA, BUKAVU – Tangu mwezi wa Februari 2025, ulizo moja linarudi kila jioni kwenye avenyu za Ndendere, Nyalukemba na Panzi: familia itajilinda namna gani? Jeshi la Serikali lilipoondoka na M23 kuingia mjini, kati ya tarehe 14 na 16 mwezi huo, kambi za askari zilibaki wazi, wafungwa wakatoroka gereza kuu, na depo za chakula zikaporwa. Silaha nazo ziliokotwa. Nyingine zilikwenda kwa wanyang'anyi, nyingine kwa watoto. Nyingine zimelala chini ya vitanda vya watu wasiotaka ubaya wowote, wanaongoja tu usiku mwizi atakapogonga mlango.

Ni kwa hao wa mwisho maneno haya yanasemwa. Mnyang'anyi hatasikia shauri, lakini baba wa familia anaweza kusikia.

Baba huyo ana hoja. Polisi haifiki, jirani ameporwa, na watoto wanalala nyuma ya ukuta wa mbao. Bunduki ni ya zamani, ndiyo, lakini fundi ataisafisha. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba ikifungwa darubini juu yake, itakuwa chombo cha kweli: mlinzi atamwona adui kabla adui hajamwona yeye.

Hapo watu wanajidanganya mara mbili.

Kwanza, kwa upande wa chuma chenyewe. Bunduki nyingi za vita zinazozunguka Kongo ni za aina ya Kalashnikov, iliyobuniwa Urusi mwaka 1947, na bado ipo FAL ya Ubelgiji iliyotumiwa na jeshi tangu zamani. Kifuniko cha juu cha Kalashnikov ni bati jembamba linalotolewa kila bunduki inaposafishwa. Kikirudishwa, hakikai palepale pa kwanza. Darubini iliyofungwa juu yake inacheza pamoja nacho. Ndiyo sababu viwanda vilivyotaka kuweka darubini viliweka reli ya chuma ubavuni, upande wa kushoto, na bunduki nyingi za zamani hazina reli hiyo. Fundi wa mtaani anayetoboa au kuchomelea chuma ili kuiongeza anaweza kudhoofisha mahali panapobeba nguvu ya mlipuko. Na hata ikishika, baada ya masasi machache darubini inahama. Mpigaji analenga hapa, risasi inakwenda kule.

Sasa, "kule" ni wapi? Hilo ndilo kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Porini, risasi iliyokosea inaingia udongoni. Huku Ibanda nyumba zimebebana mlimani, paa la mmoja liko chini ya mlango wa mwingine. Risasi ya Kalashnikov inatoka kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Ubao hauizuii, bati haliizuii. Ikimkosa mwizi, inaendelea hadi kitanda cha jirani, na labda hadi familia ya wahami kutoka Kalehe waliopewa chumba kimoja huko nyuma. Tena mwizi wa usiku hasimami mita mia mbili mbali. Yuko mlangoni, gizani, na darubini ya kawaida haioni gizani.

Kwa hiyo bunduki ile haimlindi mwenye nyumba. Inamweka hatarini kwa pande zote. Wanaoshika mji wakiikuta, hawataulizia hofu yake. Wataulizia yeye ni mpiganaji wa kundi gani. Kijana mhami anayelala katika nyumba hiyo ndiye atakayeshukiwa wa kwanza, hata kama hajawahi kuigusa. Sheria ya nchi, ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na masasi, nayo haimpi mtu haki ya kuweka silaha bila ruhusa. Na wanyang'anyi wakisikia kwamba iko, watakuja kwa ajili yake.

Jambo la watoto ni zito zaidi. Tarehe 18 Februari 2025, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema huko Geneva kwamba imethibitisha visa vya watoto waliouawa na M23 bila hukumu baada ya kundi hilo kuingia Bukavu, na kwamba inajua kulikuwa na watoto wenye silaha mikononi. Kuua mtoto ni uovu, awe na bunduki au asiwe nayo. Lakini mzazi wa Ibanda anajua sasa gharama ya kuacha chombo hicho mahali mkono wa kadogo unapofika.

Wengine watajibu: sawa, basi tuipeleke kwa nani? Hofu hiyo ina msingi. MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024. Kumpa anayetawala leo kunaweza kuitwa usaliti kesho, na kubeba bunduki barabarani ni kutafuta kifo.

Njia ipo, na si ngeni. Huko Katanga, miaka ya 2000, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake PAREC waliwapa watu baiskeli kwa kila bunduki iliyorudishwa. Huko Msumbiji, tangu 1995, Baraza la Makanisa lilibadilisha silaha kwa majembe, cherehani, baiskeli na mabati. Pote pawili watu waliamini kwa sababu anayepokea hakuwa askari, alikuwa mtu wa dini.

Bukavu haikosi parokia, makanisa na misikiti. Wanaoshika mji watangaze muda wa kurudisha silaha bila kuuliza jina, mbele ya mashahidi wa dini zote, na waahidi hadharani kwamba aliyerudisha hatafuatwa usiku. Bila ahadi hiyo, bunduki zitabaki chini ya vitanda. Nao viongozi wa dini wasingoje kuombwa. Waidai wao wenyewe.

Kwa sasa, aliyenayo asiibebe, wala asimtume mtoto. Aende mikono mitupu kwa padri, mchungaji, shehe au shefu wa avenyu anayemwamini, aulize namna. Anayeona gruneti au kombora asiliguse, asilitupe chooni wala ziwani. Aweke alama mbali nalo na awaonye majirani.

Na kuhusu mwizi wa usiku, avenyu nyingi zinajua dawa: filimbi, kupiga masufuria, taa nje, zamu za majirani wanaojuana kwa majina. Mwizi akikamatwa asichomwe. Naye ni mtoto wa mtu. Dawa hiyo haimalizi kila hatari, lakini haijawahi kutoboa ukuta wa jirani na kumkuta mtoto amelala.