Katavi Iko Ukurasa Gani?

Agosti 2019 nilikuwa Katumba, nje ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, siku ambazo redio zilitangaza kwamba Tanzania na Burundi zimekubaliana wakimbizi wa Kirundi waanze kurejeshwa kwao kuanzia Oktoba. Mama mmoja muuza maharage sokoni alipojua kazi yangu ya uandishi akaniita pembeni. Akafungua pindo la kanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne hata mikunjo imeanza kuchanika. Kilikuwa cheti chake cha uraia. "Kaka," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hawa wanaosemwa ni sisi?"

Hawakuwa wao. Makubaliano yale yaliwahusu watu wa kambi za Kigoma, yaani Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, wengi wao wakiwa wamekimbia machafuko yaliyoanza Burundi mwaka 2015. Mama yule alizaliwa Katumba na wazazi walioingia nchini mwaka 1972, naye ni Mtanzania kwa cheti chenye mhuri wa serikali. Habari ilihitaji sentensi moja tu ya kumtoa hofu. Katika habari nilizosoma na kusikiliza wiki ile, sentensi hiyo sikuiona.

Nimelifikiria swali lake kwa miaka kadhaa, na kila ninapolirudia naona kosa halikuwa la mwandishi mmoja mvivu. Ni la namna vyombo vyetu vya habari vilivyojipanga. Gazeti lina kurasa za kitaifa, kurasa za mikoani na kurasa za kimataifa, na kila moja ina dawati lake na mhariri wake. Mkutano wa mawaziri wa nchi mbili huenda dawati moja, na soko la Katumba huenda dawati jingine kama litaenda popote. Kwa msomaji wa Dar es Salaam mgawanyo huo hauna madhara makubwa. Kwa mkazi wa Katavi unakata maisha yake vipande viwili, na kila kipande kinaandikwa na mtu asiyekijua cha pili.

Serikali yenyewe haina mgawanyo huo. Mambo ya wakimbizi nchini yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri anayesimamia polisi na magereza ndiye anayeketi na mwenzake wa Burundi kuzungumzia nani abaki na nani aondoke. Suala la nje limewekwa ndani kwa sheria, na halmashauri ya Nsimbo na ya Tanganyika ndizo zinazobeba matokeo yake katika shule, zahanati na mashamba. Mwandishi anayelifuatilia suala hilo akiwa Dodoma peke yake ameona mwanzo wa habari tu.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha mwaka 2010 na miaka michache iliyofuata, na naomba nikae nacho kidogo.

Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, wakati mkoa wa Katavi haujakuwapo. Waliopelekwa huko walikuwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walipewa ardhi ya msitu, wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakalisha wilaya. Ilipofika 2007, katika makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu ya Tabora walihesabiwa watu wapatao 218,000, na karibu wanne kati ya kila watano wakasema wanataka kubaki. Mwaka 2010 serikali ilitangaza uraia kwa watu 162,156. Dunia ikaisifu Tanzania, na sifa hiyo tuliistahili kabisa. Nchi chache zimewahi kufanya hivyo kwa wakimbizi wengi namna hiyo kwa mara moja.

Lakini uraia ule ulikuja na sharti: watu waondoke kwenye makazi, watawanywe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Agosti mwaka huohuo Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ilitia saini hati ya makubaliano na kampuni ya AgriSol, iliyokuwa na mizizi katika jimbo la Iowa, Marekani. Ardhi iliyotajwa katika mpango huo ni Lugufu ya Kigoma, pamoja na hekta 80,317 za Katumba na hekta 219,800 za Mishamo. Yaani mkulima alikuwa anaambiwa afungashe kwa jina la uraia, na shamba lake tayari limo katika hesabu za mwekezaji.

Je, umma uliyaunganisha lini mambo hayo mawili? Nyaraka ziliwekwa hadharani mwaka 2011 na taasisi ya utafiti ya Oakland Institute, ya California. Mtangazaji wa Marekani Dan Rather akatengeneza kipindi cha televisheni. Huko Iowa wananchi wakakibana chuo kikuu cha jimbo lao, Iowa State University, kilichokuwa kinashirikiana na kampuni, na Februari 2012 chuo kikajitoa. Magazeti ya hapa nchini nayo yaliandika, mengine kwa ujasiri, na ni haki kulisema hilo. Lakini moto uliwashwa ng'ambo. Mkulima wa Iowa alipata nafasi ya kuisoma hati iliyosainiwa Mpanda huku mkulima wa Mishamo akitegemea tetesi za minadani. Mwishowe mpango haukutekelezwa Katumba wala Mishamo, uhamisho ukasitishwa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa watu wakiwa palepale walipo.

Hati ile ilisainiwa na halmashauri. Haikuwa siri ya jeshi. Mwandishi aliyekuwa na mazoea ya kukaa vikao vya madiwani, na aliyejua pia kinachojadiliwa kati ya serikali na Umoja wa Mataifa kuhusu uraia, angeiona habari hiyo kabla ya mtu yeyote wa California. Hakuwapo mwandishi wa namna hiyo, na hata leo ni nadra.

Hali hiyo ni ya zamani. Kitabu kinachonukuliwa kuliko vyote duniani kuhusu Mishamo kiliandikwa kwa Kiingereza na mwanaanthropolojia mzaliwa wa Finland, Liisa Malkki, aliyekaa huko kati ya 1985 na 1986. Namshukuru kwa kazi yake. Lakini aliyezaliwa Mishamo miaka ile, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, vyombo vyetu bado vinamwita "raia mpya". Neno hilo lilitoka kwenye mafaili ya ofisi, na wahariri wakalipokea bila kulipima.

Tazama pia Ziwa Tanganyika. Bandari ya Karema imejengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47 ili kufungua biashara na Kongo, ambako upande wa pili ziko Kalemie na Moba. Karema haikuanza jana kuwa habari ya kimataifa: mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji waliweka kituo chao hapo, na magazeti ya Ulaya yakaiandika. Aprili 2022 Kongo ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma, na Februari 8 wakuu wa nchi za Jumuiya na wa SADC wakakutana Dar es Salaam. Picha za wakuu hao tuliziona sote. Nilichokitafuta mimi ni habari moja kutoka gatini Karema: meli ngapi zimetia nanga mwezi huu, mchele wa Mpimbwe unauzwaje upande wa pili, ushuru unatozwa kwa fedha gani, mabaharia wanaogopa nini. Anayeishi kwa ziwa lile anataka kujua hayo kuliko maazimio ya mkutano.

Au chukua biashara ya kaboni. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika vinatunza misitu na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayouzwa kwa kampuni za nje. Ni jambo jema, fedha zimejenga madarasa na zahanati. Habari zake lakini huja siku ya hundi: kiongozi wa serikali, wenyeviti wa vijiji, na hundi kubwa ya mfano iliyoshikwa na watu wanne. Mnunuzi ni nani, amenunua tani kwa bei gani, mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinabaki na asilimia ngapi? Mwese, mojawapo ya vijiji hivyo, iliwahi kupokea wakimbizi wa Rwanda katika miaka ya 1960. Mahali penye historia hiyo panastahili maswali zaidi ya picha ya hundi.

Najua watakachosema wahariri. Kwanza ni fedha. Mwandishi wa mkoani mara nyingi hulipwa kwa stori iliyotoka, na malipo ya stori moja hayamfikishi Mishamo na kumrudisha. Kwa hiyo hupanda gari la msafara wa ziara, na anayempa kiti na posho ndiye anayekuwa habari. Hoja hii ni ya kweli, na anayewalaumu waandishi wa Mpanda bila kuitaja anawaonea.

Pili ni woga, nao una historia. Februari 1970 serikali ilitaifisha gazeti la The Standard, na Mwalimu Nyerere akalikabidhi kwa Frene Ginwala wa Afrika Kusini, akiahidi kwamba gazeti litakuwa na uhuru wa kukosoa. Mwaka uliofuata lilichapa tahariri kali dhidi ya Jaafar Nimeiri wa Sudan kwa kuwaua viongozi wa kikomunisti. Ginwala akaondolewa. Somo hilo, kwamba rafiki wa nchi haguswi, limerithiwa na vizazi vya wahariri. Sheria zikaongeza uzito wake. Hata Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 28, 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: busara. Tunaishi jirani na Rwanda, ambako mwaka 1994 redio ya RTLM ilihimiza mauaji. Mhariri anayeogopa kuchapa neno litakalochochea chuki dhidi ya wenye asili ya Burundi ana sababu nzuri ya kuogopa. Ila ukimya haumlindi mama wa Katumba. Ulimwacha na uvumi siku zile za Agosti 2019, na uvumi ndio uliomfanya atembee na cheti kwenye pindo la kanga kana kwamba ataulizwa sokoni. Kilichomuumiza ni uchache wa habari sahihi.

Redio za kijamii, ikiwamo Mpanda Radio, ziko karibu na watu wa Katavi na wanaziamini. Waandishi wapo pia, na wanakijua kila kijiji. Ombi langu kwa wahariri wa Dar es Salaam na Dodoma ni hili: mwajirini mmoja wao kwa mshahara wa kila mwezi, mpeni nauli ya Mishamo na ya Karema, na siku Tanzania itakaposaini makubaliano mengine na Burundi au Kongo, mpigieni simu yeye kabla hamjafunga ukurasa.