Kabla ya chuma kupanda, hesabu itangulie

Meli kubwa za leo hazijengwi nzima kwa mara moja. Zinajengwa vipande vipande ndani ya karakana, kisha kreni inainua kila kipande na kukiunganisha na kingine. Ndivyo ilivyofanyika Rosyth, huko Scotland, ambako manowari HMS Queen Elizabeth, ya tani 65 000 hivi, iliunganishwa kwa vipande vilivyotoka karakana mbalimbali za Uingereza. Kreni kubwa iliyotumika pale iliweza kuinua tani 1 000.

Wengi wanafikiri kwamba kreni ikiwa na nguvu ya kutosha, kazi imekwisha. Sivyo. Kipande cha meli ambacho hakijafungwa pande zote ni kama katoni isiyo na kifuniko: ukiishika pembeni, inajikunja. Kikining'inia kwenye sehemu nne tu, katikati panashuka na kuta zinavutwa ndani. Mkunjo mdogo unanyooka wenyewe mzigo ukishushwa. Ukipita kiasi, unabaki. Hapo kipande hakilingani tena na mwenzake, na mafundi wanakilazimisha kwa jeki na moto. Wakisha kuchomelea, macho hayaoni kitu, lakini chuma kinabaki kimekazwa ndani, na ufa unaweza kuanzia hapo.

Pembe ya kamba peke yake inatosha kuleta hasara. Mzigo wa tani 10 ukibebwa na kamba mbili zilizosimama kwa digrii 60 kutoka usawa wa mzigo, kila kamba inavuta karibu tani 5,8. Zikilala hadi digrii 30, kila moja inavuta tani 10, na mzigo unabanwa kutoka pande zote mbili kwa nguvu ya karibu tani 8,7. Mzigo ni uleule, kreni ni ileile.

Ndiyo sababu karakana kubwa zinatumia programu za kompyuta. Mhandisi anachora kipande, anaingiza unene wa chuma, uzito na mahali pa kushikia. Programu inakigawa katika sehemu ndogo maelfu na kuonyesha wapi kitapinda na kwa milimita ngapi. Kukiwa na hatari, anahamisha ndoano, anaongeza nguzo za muda au boriti ya kutawanya kamba. Anarudia hesabu kwa kila hatua ya kukigeuza, kwa sababu vipande vingi hujengwa vikiwa vimepinduliwa. Makosa yanabaki kwenye kompyuta.

Jambo hili linawahusu wakaaji wa Kivu na Tanganyika. Hakuna meli kubwa inayoweza kutoka baharini na kuelea hadi maziwa yetu. Lazima ifike kwa vipande na kuunganishwa ufukweni. Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika makasha 5 000 hivi hadi Kigoma, na kuingia majini mwaka 1915. Zaidi ya karne moja baadaye, MV Mwanza, yenye urefu wa zaidi ya meta 90, nayo ilijengwa palepale kando ya Ziwa Victoria.

MV Merdi ilipozama karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu walizungumzia wingi wa abiria, na walikuwa na haki. Lakini ukaguzi unaoanza bandarini siku ya safari umechelewa. Usalama wa chombo unaanza siku mabamba yake yanapoinuliwa.

Umaskini si kisingizio. Code_Aster, programu iliyotengenezwa na kampuni ya umeme ya Ufaransa EDF, inatolewa bure tangu mwaka 2001, na maelezo yake yako kwa Kifaransa, lugha ya masomo ya wanafunzi wetu. Kinachokosekana ni walimu wa kuifundisha na sheria ya kuidai.

Serkali iweke sharti moja: meli ya chuma ya abiria inayounganishwa kwenye fukwe za inchi hii isipewe ruhusa ya kusafiri bila hesabu za kuinua vipande vyake, zilizotiwa saini na mhandisi anayejulikana. Wenye meli watalalamika juu ya gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ziwani, ufa ukisha kufunguka, hakuna nafasi ya kujenga chochote.