Masaa 72 hayangojee makuta

Bandugu wa Goma, kapote ikipasuka ao mutu akilazimishwa, dawa ya kuzuia SIDA inapaswa kuanzwa mbele ya masaa 72, kisha kunywewa siku 28. Ukichelewa, haisaidie tena. Sasa, dada mumoja wa kwetu alifika kwenye kituo cha afya siku ya kwanza. Wakamuomba franka za fishi, kisha karatasi ya polisi. Alirudia siku ya ine. Hatumulaumu yeye, tunalaumu wale waliomurudisha. Dawa kwanza, karatasi nyuma!

Na wewe wa juzi, unangojea dalili? Kaswende na kisonono vinaweza kukaa mwilini kimya. Enda upimwe leo. Wakikudai makuta mbele ya dawa, tuite: tutasimama na wewe pale mulangoni.