Daftari la Wiki: Waimbao Nyuma ya Kiongozi

Jumatatu. Kwa mkazi wa Luena, mji wa Kongo uliokuzwa na makaa ya mawe, na ambao reli yake hupita Bukama kuelekea Kamina, njia iliyo karibu zaidi ya kuziingia nyimbo za injili za Wamarekani weusi ni kuanza na Claude Jeter. Kwani kabla ya sauti yake kuvuma, Jeter alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe huko Coalwood, jimbo la West Virginia, na ndiko alikounda, mwaka 1938, kikundi kilichokuja kuitwa Swan Silvertones, jina walilolipata kwa sababu ya kampuni ya mikate iliyodhamini vipindi vyao vya redio mjini Knoxville.

Jumatano. Sifa za Jeter zimeenea, wala sizipunguzi, maana ile sauti yake nyembamba, ipandayo juu bila koo kukazwa, yastahili kila neno lililosemwa juu yake. Lakini katika santuri walizoitolea kampuni ya Vee-Jay, na hasa “Mary Don't You Weep” ya mwaka 1959, sikio langu huwaendea wengine: Paul Owens, apokeaye uongozi kwa upole, Louis Johnson, mwenye sauti ya mkwaruzo kama mhubiri aliyekesha mimbarani, na John Myles na William Connor, ambao aghalabu hawatajwi kabisa, ilhali ndio waushikao wimbo chini ili kiongozi apate pa kurukia na pa kutua.

Silas Steele naye amedhulumiwa na sahau ya watu. Alitoka katika viunga vya Birmingham, Alabama, nchi ya makaa na chuma, akaimba na Famous Blue Jay Singers, kisha na Spirit of Memphis, na wajuzi humhesabu miongoni mwa waasisi wa uimbaji ule wa kuhubiri kwa kifua kizima.

Ijumaa. Hayo yote yanirudisha Kamina. Ulimwengu waijua Missa Luba, misa iliyoimbwa katika misheni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958, na Sanctus yake, yenye asili ya wimbo wa Kiluba wa kuagana, iliingia katika filamu ya Kiingereza “If....” ya mwaka 1968. Jina litajwalo ni la Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyekiunda kikundi kilichoiimba, Les Troubadours du Roi Baudouin. Na ni haki atajwe. Lakini misa ile haikutungwa kwa nota mezani: ilizuka katika uimbaji wenyewe, watoto na walimu wao wakiyashika maneno ya Kilatini na kuyatia katika mahadhi ya Kiluba na ya Kasai. Aliyeongoza kwa sauti ni Joachim Ngoi, mwalimu wa shule hapo Kamina. Yeye ndiye nimwekaye, bila kusita, safu moja na Jeter: huingia pasipo haraka, huacha kwaya imjibu, kisha huongeza pambo dogo mahali ambapo mwimbaji wa tamaa angaliongeza makubwa.

Fauka ya hayo, santuri ya misa ile ina upande wa pili ambao wasikilizaji wengi huupita: nyimbo za arusi, za kazi na za kumaliza matanga, pamoja na “Banaha”, ambayo leo huimbwa na kwaya za shule hata Marekani. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi misa hiyo upya mwaka 1990, kwa ufundi mkubwa. Mimi bado naipenda zaidi ile ya mwaka 1958, kwa ajili ya sauti za watoto.

Watoto wale walio hai sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Laiti parokia na shule za Kamina zingewatafuta mapema na kuandika majina yao, na sauti aliyoishika kila mmoja, na nyimbo walizofundishwa na mama zao kabla ya kwenda shule.