"Ongea na Mtu" Ni Sawa, Lakini Nani Anashika Simu Saa Nane Usiku?

Wasee, leo sina vichekesho. Nataka tuongee kuhusu zile namba za msaada tunazotupiwa kila mara msee akilemewa na maisha. "Ongea na mtu," wanasema. Sawa. Mimi nilijaribu.

Ilikuwa 2023, Bungoma. Karo imekwama, nimefungiwa mtihani, na huko Kitale mathe anajua niko darasani. Saa nane usiku kichwa kikaanza kuniambia vitu ambavyo sitaviandika hapa. Nikapiga namba moja. Ikaita, ikaita, sauti ya mashine ikaniambia nisubiri. Kredo ya bob ishirini ikaisha kabla sijasikia binadamu.

Nikatoka nje, nikaketi kwa ngazi. Soja wa ploti akaja na tochi. Hakuniuliza shida ni gani. Aliniuliza, "Papa, umekula?"

"Bado, mzee."

Akanimiminia chai ya flaski yake, tukakaa hadi kukakucha. Asubuhi tukapanda boda naye hadi hospitali, na hapo ndipo nilianza kupata ushauri. Chuo niliacha, lakini niko.

Sasa, tunapimaje kama hizi huduma zinafanya kazi? Ukihesabu tu simu zilizopigwa, hata yangu imo. Mimi ninauliza mambo matatu.

Kwanza, inashikwa, na ni bure? Mtu akifika pale nilifika, mara nyingi hata bob tano hana.

Pili, naweza kuandika badala ya kuongea? Kwa hizi nyumba zetu, jirani anasikia hata ukikohoa. Marekani wana namba 988, iliyoanza Julai 2022, na unaweza kupiga au kutuma meseji. Hiyo si anasa.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: simu ikikatwa, nini kinafuata? Kuna mtu atakupigia kesho kujua umeamkaje? Kuna mahali karibu pa kwenda, ama utaambiwa habari za Mathari, ambayo iko Nairobi tangu 1910? Kutoka Kitale hiyo ni safari ya usiku mzima.

Na tusisahau, hadi juzi tu kusema ukweli kulikuwa hatari. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa, na ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Hapo ungeambia nani? Mahakama Kuu ilikitupa tarehe 9 Januari 2025. Sheria ya Afya ya Akili nayo ilirekebishwa 2022, ikazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Kwa hivyo Trans Nzoia na Bungoma haziwezi kutuambia hiyo ni kazi ya Nairobi.

Najua kuna mtu atasema pesa hakuna na madaktari wa akili ni wachache. Kweli kabisa. Lakini huko Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 na akina nyanya. Aliwafunza kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwa hizo benchi walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023, na wanatembea nyumba kwa nyumba. Wafunzwe hii kazi, walipwe kwa wakati, na mtu akipiga simu usiku, asubuhi mmoja wao abishe mlango wake. Hilo ndilo swali la kumuuliza MCA wako akija kuomba kura.

Yule mzee aliniokoa, na namshukuru hadi leo. Lakini je, kama usiku huo hakuwa kazini? Uhai wa mtu usitegemee zamu ya soja.

Kama leo uko pale nilikuwa, piga 1199, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni ya bure, haikati kredo. Usikae peke yako. Bisha kwa jirani, amsha mtu. Na kama kuna msee wako amenyamaza siku hizi, mfikie leo. Muulize kama amekula.