Mizinga ya Königsberg: Kwa nini Ziwa Tanganyika halikubakiwa hata na mmoja?

Zone Industrielle ya Bujumbura iko jirani na bandari inayopokea meli kutoka Kigoma. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia maji hayo yalimilikiwa na meli ya Kijerumani, Graf von Götzen, iliyobeba mzinga wa milimita 105 kutoka manowari Königsberg.

Mizinga kumi ya Königsberg haikuundwa kwa ajili ya kudungua ndege. Hata hivyo, Julai 11, 1915, katika delta ya Rufiji, manowari hiyo iliiangusha ndege ya Waingereza iliyokuwa ikielekeza makombora ya meli zao, Severn na Mersey. Lakini shabaha ilikwishapatikana, na Königsberg ikaangamia siku hiyo hiyo. Wajerumani waliiopoa mizinga, wakaitawanya nchi kavu.

Juni 1916, ndege za Wabelgiji zilipoishambulia Kigoma, mzinga wa Götzen ulikuwa umeshapelekwa kwingine. Sitahani palikuwa na wa mbao, wa kumtisha adui tu.

Mizinga mitatu inayojulikana leo iko Fort Jesus mjini Mombasa, Jinja na Pretoria. Ni ramani ya washindi. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo hawamo.

Ziwani imebaki meli yenyewe, iliyozamishwa Julai 1916, ikaopolewa na kuitwa Liemba. Burundi ikitaka sehemu yake katika kumbukumbu hii, mazungumzo yaanzie Kigoma, si Mombasa.