Sumaku Haifai Kufundishia Mvutano

Somo la kani ya mvutano linapowadia, si ajabu kumwona mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha akiingia darasani na sumaku na misumari. Kifaa hiki hupatikana kwa urahisi, na watoto hukifurahia. Hata hivyo, sisi twaona kwamba hakifai kwa somo hili.

Sumaku huvuta chuma, wala haivuti embe. Tena sumaku mbili zaweza kusukumana, jambo lisilotokea katika mvutano. Mtoto akiambiwa kwamba dunia huvuta vitu “kama sumaku”, ana haki ya kuuliza embe lina chuma gani hata likaanguka. Asipouliza ni vibaya zaidi, maana ataondoka akiamini kwamba dunia ndiyo pekee ivutayo. Kumbe vitu vyovyote viwili vyenye tungamo, yaani wingi wa mata, huvutana. Embe nalo laivuta dunia kwa kani iyo hiyo. Ila tungamo la dunia ni kubwa mno hata haionekani kutikisika. Mwaka 1798 Henry Cavendish wa Uingereza alitangaza matokeo ya kupima mvutano baina ya matufe ya madini ya risasi, yale makubwa yakiwa na kilo 158 hivi kila moja. Risasi haishikwi na sumaku, na bado matufe yale yalivutana, ingawa kwa kani ndogo sana.

Athari ya tungamo si ngumu kueleza: tungamo la kitu kimoja likiwa maradufu, kani nayo huwa maradufu. Ugumu uko kwenye umbali. Tukiandika ubaoni kwamba umbali ukiongezeka mvutano hupungua, tumesema nusu tu; hupungua kwa kiasi gani? Hapa twapendekeza kibatari. Tia giza darasani, kisha shika kadi ya mraba, sentimita 10 kila upande, mbele ya mwali kwa umbali wa sentimita 30. Ukuta ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye mwali, kivuli kitaenea kadi 4. Ukiwa sentimita 90, kadi 9. Watoto na wahesabu wenyewe. Nuru ambayo ingetosha kadi moja hulazimika kutandaa juu ya nne, kisha tisa, na mvutano hufifia kwa hesabu hiyo hiyo: umbali mara mbili, robo, mara tatu, sehemu moja ya tisa. Umbali wenyewe hupimwa toka kitovu cha dunia. Mwezi uko mbali nacho mara 60 hivi kuliko sisi, hivyo kila kilo ya mwezi huvutwa na dunia kwa sehemu 1 ya 3,600 ya kani ivutayo kilo moja hapa. Nayo yatosha kuuzuia usitoroke.

Mwalimu aseme pia mfano huu unakoma wapi. Kadi huzuia nuru, lakini hakuna ukuta wala paa liwezalo kuuzuia mvutano. Hilo litajwe kabla kibatari hakijazimwa.